Gia za Baiskeli ya Mbio na za Baiskeli ya Milima: Zipi Zinapatana, Zipi Hazipatani

Mkulima wa Sugoi anayepeleka maziwa kwa baiskeli hana nafasi ya kubahatisha. Akichelewa kufika kituo cha kukusanyia maziwa, huenda yakakataliwa. Cheni ikiruka anapopanda mlima akiwa na mitungi nyuma, anaweza kupoteza maziwa na kuumia pia. Na ikiwa cheni itaruka anapovuka barabara kuu ya Eldoret–Malaba, ambako malori ya mizigo hupita usiku na mchana, hatari ni kubwa zaidi.

Baiskeli nyingi zinazotumika mashinani zilinunuliwa zikiwa zimetumika kwingine. Kuna za mbio, zenye magurudumu membamba na hendeli iliyopinda kama pembe za kondoo dume. Kuna pia za milima, zenye magurudumu mapana na hendeli iliyonyooka. Baiskeli ya mbio ni nyepesi na hukimbia vizuri kwenye lami, lakini gia zake ni nzito kwa barabara ya udongo yenye mlima. Kwa sababu hiyo wamiliki wengi huwaomba mafundi wazifunge vipuri vya baiskeli ya milima.

Wazo hilo ni zuri na mara nyingi hufaulu. Hata hivyo, si kila kipuri hupatana na kingine, hata vikiwa na jina la kampuni moja na vikifungwa kwa skrubu ileile. Makala hii ya elimu kwa umma inaeleza vipuri gani huchanganyika, vipi havichanganyiki, na jinsi mwenye baiskeli anavyoweza kujua kabla ya kutoa pesa yake.

Kwa nini kuchanganya kunasaidia

Uzito wa gia hutegemea idadi ya meno kwenye sproketi ya mbele, ile iliyo kwenye pedali, na ya sproketi ya nyuma. Hesabu yake ni rahisi: meno ya mbele hugawanywa kwa meno ya nyuma, kisha jibu huzidishwa kwa mzingo wa gurudumu. Gurudumu la baiskeli ya mbio lina mzingo wa takriban mita 2.1.

Tuseme baiskeli ya mbio ina meno 39 mbele na meno 25 kwenye sproketi kubwa zaidi ya nyuma. 39 kugawanya kwa 25 ni 1.56. Ukizidisha kwa 2.1 unapata karibu mita 3.3. Maana yake ni kwamba pedali ikizunguka mara moja, baiskeli husonga mita 3.3. Kwa mwanamichezo asiye na mzigo hilo si tatizo. Kwa mtu aliyebeba lita 40 za maziwa kwenye matope ya mwezi wa Mei, ni kazi ngumu, na magoti ndiyo huumia.

Sproketi ya nyuma ikibadilishwa ikawekwa yenye meno 34, ambayo ni ya kawaida kwenye baiskeli za milima, hesabu inakuwa 39 kugawanya kwa 34, kisha kuzidisha kwa 2.1. Jibu ni mita 2.4. Mguu sasa unasukuma kwa nguvu pungufu kwa zaidi ya robo, kwenye mlima uleule na kwa mzigo uleule. Mwendo utakuwa wa polepole zaidi, lakini mwendeshaji hatalazimika kushuka na kukokota.

Kuchanganya vipuri hivi si dalili ya uhaba. Waendeshaji wa mbio za barabara za kokoto hufanya hivyo kwa makusudi. Suleiman Kangangi wa Eldoret, aliyekuwa nahodha wa Team Amani na aliyefariki Agosti 2022 akishiriki mashindano huko Vermont, Marekani, alikuwa miongoni mwa waliofungua njia ya mchezo huo kwa vijana wa Afrika Mashariki. Mbio za Migration Gravel Race, zilizoanza mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara, hufanyika kwenye barabara ambazo mkazi wa Sugoi angezitambua mara moja: vumbi, mawe na milima. Baiskeli zake huwa na hendeli ya mbio na gia nyepesi zinazokaribia za milima. Mwaka 2019 kampuni ya Shimano ya Japani ilianza kuuza vipuri vya GRX, vilivyotengenezwa mahususi kwa mchanganyiko huo.

Gia hufanyaje kazi

Ili kuelewa nini kinapatana na nini, ni vyema kujua sehemu nne zinazohusika.

Ya kwanza ni swichi ya gia iliyo kwenye hendeli. Ya pili ni waya unaovutwa na swichi hiyo. Ya tatu ni kihamisha cheni, yaani kile kifaa chenye vigurudumu viwili vidogo kinachoning'inia karibu na ekseli ya nyuma. Ya nne ni sproketi za nyuma zilizopangwa kama ngazi, kuanzia ndogo hadi kubwa.

Zamani swichi ya gia haikuwa na hatua. Mwendeshaji aliisukuma taratibu, akasikiliza cheni, na kuacha ilipotulia. Mwaka 1984 Shimano ilileta mfumo wa swichi yenye hatua: kila mbofyo mmoja, gia moja. Tangu hapo swichi huvuta waya kwa kipimo maalumu, na kihamisha cheni hukizidisha kipimo hicho ili kisogee umbali ulio sawa na nafasi kati ya sproketi moja na inayofuata.

Hapo ndipo kanuni ya somo hili ilipo: waya unaovutwa kwa mbofyo mmoja, ukizidishwa kwa kizidishi cha kihamisha cheni, lazima ulingane na nafasi kati ya sproketi. Vikilingana, gia hubadilika vizuri. Visipolingana, hakuna fundi atakayeweza kuzirekebisha, hata akikaza na kulegeza waya kutwa nzima.

Vipuri vya nyuma vinavyopatana

Vipuri vya Shimano ndivyo mfano mzuri wa kuanzia, kwa kuwa vinapatikana kwenye baiskeli nyingi za aina zote mbili. Mgawanyo wake mkuu ni huu:

• Gia 7, 8 na 9 za nyuma: vihamisha cheni vya mbio na vya milima vina kizidishi kimoja, takriban 1.7. Swichi ya mbio ya gia 8 hufanya kazi na kihamisha cheni cha milima cha gia 8 au 9, na kinyume chake. Isipokuwa vipuri vya zamani vya Dura-Ace vya kabla ya mwaka 1997, ambavyo vina kipimo chao.

• Gia 10 za mbio: nyingi bado zinatumia kizidishi cha 1.7. Hivyo swichi ya mbio ya gia 10 hupatana na kihamisha cheni cha milima cha gia 9. Isipokuwa Tiagra ya toleo la 4700, ambayo ina kipimo tofauti.

• Gia 10 za milima: kuanzia takriban mwaka 2010, Shimano ilibadilisha kizidishi kikawa karibu 1.2. Kihamisha cheni hiki hakipatani na swichi ya mbio, hata kama zote mbili zimeandikwa gia 10.

• Gia 11: za mbio zina kizidishi cha karibu 1.4, na za milima karibu 1.1. Hazipatani. Anayetaka gia 11 nyepesi kwenye baiskeli ya mbio anahitaji kihamisha cheni cha GRX cha gia 11, kinachofuata kipimo cha mbio.

Kwa vipuri vya kampuni ya SRAM, hesabu ni nyingine. Vipuri vyake vya gia 10 vya mbio na vya milima vina kipimo kimoja, hivyo vinachanganyika. Gia zake 11 za milima zina kipimo tofauti na gia 11 za mbio. Vihamisha cheni vingi vya milima vya SRAM vya gia 7 hadi 9 vilitengenezwa kwa kipimo kisichopatana na swichi za Shimano. Campagnolo ya Italia nayo ina vipimo vyake. Kwa hivyo, swichi na kihamisha cheni visivyo vya kampuni moja vihesabiwe kuwa havipatani mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kosa linalogharimu wengi

Kosa ambalo ni rahisi sana kufanya dukani ni kulinganisha namba peke yake. Mnunuzi ana swichi ya mbio ya gia 10. Anaona kihamisha cheni cha milima kimeandikwa gia 10. Anaamini kumi na kumi ni sawa, analipa na kwenda zake.

Hesabu inaonyesha kitakachotokea. Swichi hiyo ya mbio huvuta waya karibu milimita 2.3 kwa kila mbofyo. Kihamisha cheni cha milima cha gia 10 huzidisha kwa 1.2, hivyo kinasogea karibu milimita 2.8. Lakini nafasi kati ya sproketi za gia 10 ni karibu milimita 3.95. Kila mbofyo unapungukiwa na zaidi ya milimita moja. Baada ya mibofyo mitatu upungufu ni karibu milimita 3.6, yaani unakaribia gia nzima. Cheni inabaki katikati ya sproketi mbili, inalia, na mguu ukisukuma kwa nguvu inaruka.

Kama angechukua kihamisha cheni cha milima cha gia 9, hesabu ingekuwa 2.3 kuzidisha kwa 1.7, ambayo ni karibu milimita 3.9. Hicho kingefanya kazi. Kipuri chenye namba ndogo zaidi, ambacho wengi wangekidharau, ndicho kinachofaa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba idadi ya gia hufuata swichi na sproketi. Kihamisha cheni chenyewe hakihesabu gia. Kinasogea tu kadiri waya unavyovutwa.

Sproketi, cheni na gurudumu

Baada ya swichi na kihamisha cheni kupatana, kuna mambo manne mengine ya kukagua.

La kwanza ni idadi ya sproketi. Swichi ya gia 9 inataka sproketi 9. Nafasi kati ya sproketi za gia 8 ni milimita 4.8, na za gia 9 ni karibu 4.35. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini cheni huihisi.

La pili ni cheni. Kadiri sproketi zinavyoongezeka ndivyo zinavyokaribiana, na cheni lazima iwe nyembamba zaidi. Cheni ya gia 8 ina upana wa nje wa zaidi ya milimita 7, ya gia 9 karibu 6.6, na ya gia 10 karibu 6. Cheni nene kwenye sproketi zilizobanana husugua sproketi ya jirani na kukwama. Cheni inunuliwe kulingana na idadi ya sproketi za nyuma. Na ikiwa sproketi ni mpya, cheni iliyochakaa isirudishwe, kwani itaharibu meno mapya.

La tatu ni urefu wa mkono wa kihamisha cheni. Kihamisha cheni cha mbio chenye mkono mfupi mara nyingi hutengenezwa kwa sproketi isiyozidi meno 27 au 28. Ukikiwekea sproketi ya meno 34, kitagonga meno au kushindwa kukaza cheni. Kile cha milima chenye mkono mrefu hubeba meno 34 bila shida.

La nne ni gurudumu. Baiskeli nyingi za mbio zenye breki za rimu zina nafasi ya milimita 130 kwenye fremu kwa ajili ya gurudumu la nyuma, na nyingi za milima zina milimita 135. Wapo wanaoitanua fremu kwa nguvu ili gurudumu liingie. Kwa fremu ya aluminiamu au ya kaboni hilo ni hatari, kwani inaweza kupasuka ikiwa barabarani. Ni salama zaidi kubaki na gurudumu la zamani na kubadilisha sproketi tu. Sproketi za gia 8, 9 na 10 za Shimano za mbio na za milima huingia kwenye kitovu kimoja cha gurudumu. Baiskeli za zamani zenye friwili ya kufungwa kwa nyuzi za skrubu hazipokei sproketi hizo, na zinahitaji friwili nyingine ya aina yake.

Upande wa mbele una sheria zake

Kupatana kwa vipuri vya nyuma hakumaanishi kupatana kwa vya mbele. Kihamisha cheni cha mbele cha mbio na kile cha milima huvutwa kwa vipimo tofauti, hata katika miaka ile ambapo vya nyuma vilikuwa sawa. Umbo lake pia ni tofauti: cha mbio kimepinda kufuata sproketi kubwa ya meno 50 au zaidi, na cha milima kimepinda kufuata sproketi ndogo.

Kwa hivyo inashauriwa kuacha sehemu ya mbele kama ilivyokuja na kutafuta wepesi wa gia upande wa nyuma. Njia nyingine ni kuondoa kihamisha cheni cha mbele kabisa na kubaki na sproketi moja ya mbele. Baiskeli inakuwa na gia chache, lakini pia vitu vichache vya kuharibika.

Breki zisichanganywe kwa kubahatisha

Gia zisizopatana humchelewesha mwendeshaji. Breki zisizopatana zinaweza kumuua. Sehemu hii inahitaji uangalifu kuliko zote, kwa sababu anayebadilisha hendeli ili apate swichi za aina nyingine hubadilisha pia vishikio vya breki, mara nyingi bila kufikiria.

Breki za milima zenye mikono miwili mirefu inayosimama wima pande mbili za gurudumu zinahitaji kishikio kinachovuta waya mwingi, takriban mara mbili ya ule unaovutwa na kishikio cha kawaida cha mbio. Kishikio cha mbio kikifungwa kwenye breki hizo, kinafika kwenye hendeli kabla breki haijashika vizuri. Baiskeli iliyosimama uani inaweza kuonekana haina tatizo. Tatizo hujitokeza kwenye mteremko, mzigo ukisukuma kutoka nyuma.

Kinyume chake pia kina athari. Kishikio cha milima kikivuta breki ya mbio, mkono unahisi ugumu kama wa kubana jiwe, na nguvu inayofika kwenye rimu ni ndogo. Breki za diski za waya nazo hutengenezwa kwa aina mbili, za kishikio cha mbio na za kishikio cha milima. Mwenye baiskeli aulize ni ipi kabla ya kununua.

Njia rahisi kwa baiskeli ya kazi

Kwa baiskeli ya kubebea maziwa, mahindi au maji, kuna suluhisho linalokwepa hesabu nyingi kati ya hizi. Ni swichi isiyo na hatua, ile ya zamani inayosukumwa taratibu. Kwa kuwa haina mibofyo, inapatana na kihamisha cheni cha kampuni yoyote na idadi yoyote ya gia, mradi tu ina uwezo wa kuvuta waya kutoka sproketi ndogo hadi kubwa. Hata sehemu ya mbele huitii.

Mwendeshaji atahitaji siku chache kuizoea. Anajifunza kusikiliza cheni na kusukuma kidogo zaidi mpaka kelele iishe. Faida yake ni kwamba waya ukilegea au matope yakijaa, gia bado zinabadilika. Tena baadhi ya swichi za zamani zina uwezo wa kutumika kwa namna zote mbili, yenye hatua na isiyo na hatua, kwa kugeuza kitufe kidogo kilichopo juu yake. Anayeona swichi ya aina hiyo kwenye rundo la vipuri asiipite.

Majaribio kabla ya kuingia barabarani

Fundi anapomaliza kazi, mwenye baiskeli anashauriwa kusubiri na kushuhudia majaribio haya yakifanywa, gurudumu la nyuma likiwa limeinuliwa:

1. Kipande cha chuma kinachoshikilia kihamisha cheni kitazamwe kutoka nyuma. Kikiwa kimepinda, gia hazitakaa sawa hata vipuri vikipatana. Baiskeli za mitumba husafirishwa zikiwa zimebanana, na kipande hiki hupinda kwa urahisi.

2. Cheni ipelekwe kwenye sproketi kubwa zaidi ya nyuma, kisha kihamisha cheni kisukumwe kwa mkono kuelekea ndani. Kisiguse spoki. Skrubu ndogo yenye herufi L ndiyo inayokizuia upande huo, na yenye herufi H hukizuia upande wa nje. Kihamisha cheni kikiingia kwenye spoki baiskeli ikiwa mwendoni, gurudumu hukwama papo hapo.

3. Kwa baiskeli yenye sproketi zaidi ya moja mbele, cheni ipelekwe kubwa kwa kubwa, yaani sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, pedali ikizungushwa polepole kwa mkono. Cheni ikikaza kupita kiasi, ni fupi, na lazima irefushwe kabla ya baiskeli kutumika.

4. Gia zote zipitiwe moja baada ya nyingine, kwenda na kurudi. Ikiwa gia za mwanzo zinakubali na za mwisho zinakataa, na kulegeza waya kunageuza tatizo tu kutoka upande mmoja hadi mwingine, vipimo havipatani. Hapo kipuri ndicho cha kubadilishwa.

5. Vishikio vyote viwili vya breki vibanwe kwa nguvu. Vikifika kwenye hendeli, baiskeli isiendeshwe.

6. Safari ya kwanza iwe fupi, bila mzigo, kwenye kijia kisicho na magari. Mzigo uwekwe baada ya hapo.

Maswali ya kumwuliza muuzaji na fundi

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo. Mnunuzi wa kipuri kilichotumika naye ana haki ya kuuliza. Maswali haya yanatosha:

• Swichi ya gia niliyo nayo ni ya kampuni gani, na ina mibofyo mingapi?
• Kihamisha cheni hiki ni cha mbio au cha milima, na kilitengenezwa kwa gia ngapi?
• Sproketi kubwa zaidi kinachoweza kubeba ina meno mangapi?
• Cheni iliyopo ni ya gia ngapi, na imechakaa kiasi gani?
• Breki na vishikio vyake ni vya aina moja?
• Kisipopatana, kinaweza kurudishwa, na kwa muda gani?

Namba ya toleo la kipuri mara nyingi huchapishwa nyuma yake, upande unaotazama gurudumu. Inafaa kuisafisha kwa kitambaa, kuisoma na kuiandika, au kuipiga picha kwa simu na kumwonyesha fundi kabla ya kununua. Anayekwenda Eldoret kutafuta kipuri ni afadhali aende na kile cha zamani mfukoni. Vijana wanaosomea ufundi katika vyuo vya mafunzo ya kiufundi vya kaunti nao wanaweza kuifanya kanuni hii kuwa zoezi: kupima waya unaovutwa kwa mbofyo, kupima nafasi kati ya sproketi, na kutafuta kizidishi kwa kugawanya.

Kwa mwenye baiskeli, kazi ya kwanza haihitaji pesa. Ni kuinua gurudumu la nyuma, kuhesabu sproketi, kuhesabu meno ya ile kubwa, na kusoma jina kwenye swichi. Akiwa na mambo hayo matatu kwenye karatasi, anaweza kumweleza muuzaji anachotaka, na kukataa kisichomfaa hata kama ni cha bei nafuu.